WANAMUZIKI NAO NI WAFANYAKAZI: WAINGIE CHAMANI, WASIWE ABIRIA

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la chama niseme neno juu ya wenzetu wapiga muziki. Mimi ni fundi wa karakana ya reli. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, kwa hiyo wasomaji wasitazamie maneno makubwa. Mchana nafanya kazi chini ya mkataba uliotiwa sahihi na chama. Ijumaa na Jumamosi usiku napiga gita la besi katika bendi, na huko siko chini ya mkataba wo wote. Mikono ni ile ile na jasho ni lile lile. Mchana mtu akinipunja najua mlango wa kubisha. Usiku nikipunjwa, mimi na wenzangu twafunga vyombo na kurudi nyumbani.

Neno langu ni hili: mwanamuziki ni mfanyakazi kama fundi, kama karani, kama kuli wa bandarini. Dawa ya shida zake ni ile ile iliyotutibu sisi, yaani chama cha wafanyakazi. Si harambee, si zawadi ya mheshimiwa, si mchango wa mazishi unaotangazwa redioni mtu akisha kufa.

MUZIKI NI KAZI

Matajiri wenye baa na hoteli husema: "Hawa wanajifurahisha tu. Wapenda gita, basi wapige." Na jambo la kusikitisha ni kwamba hata sisi wafanyakazi wa mchana twasema vivyo hivyo. Je, seremala apendaye ubao wake hulipwa nusu kwa sababu anaupenda? Dereva wa treni apendaye injini yake huambiwa mwezi huu asilipwe, furaha yatosha?

Tuhesabu saa. Bendi inayoanza kupiga saa tatu usiku hufika saa kumi na mbili jioni kushusha spika, kufunga nyaya na kujaribu sauti. Hupiga mpaka saa nane. Kisha hufungasha, na kungoja malipo mpaka saa tisa. Hizo ni saa tisa za kazi, tena za usiku. Hatujahesabu siku za mazoezi, wala nyuzi zinazokatika, wala sare ambayo kila mtu hujinunulia.

Na tajiri hapigishi muziki kwa huruma. Watu hawaji baa kutazama kuta. Waja kwa sababu ya bendi, na wakija bia yauzwa na nyama yachomwa. Mchoma nyama ana malipo yake, askari wa mlangoni ana malipo yake, na umeme usipolipwa hukatwa. Mwanamuziki peke yake ndiye aambiwaye: "Ngojeni kwanza tuone watakuja watu wangapi."

HESABU YA USIKU MMOJA

Nachukua mfano wa hesabu tu, si wa mahali fulani. Tuseme bendi ya watu saba imeahidiwa shilingi 14,000. Mwenye vyombo achukua 4,000. Gari la kwenda na kurudi lachukua 2,000. Zabaki 8,000. Kiongozi wa bendi ana mafungu mawili na wengine sita wana fungu moja moja, jumla mafungu manane. Kila mpigaji apata shilingi 1,000 kwa saa tisa, maana yake shilingi 111 kwa saa.

Sasa usiku huo mvua imenyesha na watu ni wachache. Tajiri asema, "Leo nina 9,000 tu." Vyombo ni 4,000 pale pale. Gari ni 2,000 pale pale. Zabaki 3,000, na fungu moja ni shilingi 375. Tazameni vizuri, ndugu zangu. Malipo ya tajiri yamepungua kwa theluthi moja na kidogo, lakini fungu la mpigaji limepungua kwa zaidi ya nusu. Spika haikupunguziwa, gari halikupunguziwa. Aliyepunguziwa ni mtu. Hasara ya mvua, ambayo ni hasara ya biashara ya tajiri, imebebeshwa mtu asiyekuwa na hisa hata chupa moja katika baa ile.

Niseme na jambo jingine ambalo baadhi ya wenzangu wa bendi hawatapenda liandikwe. Mara nyingi mwenye vyombo naye ni tajiri mdogo. Ndiye huafikiana na mwenye baa, ndiye hupokea fedha, na ndiye peke yake ajuaye zilikuwa ngapi. Wapigaji huambiwa jumla bila kuonyeshwa karatasi. Kwa hiyo chama cha wanamuziki kisimtazame mwenye baa tu. Lazima kiseme wazi ni nani mfanyakazi na ni nani mwajiri, na kidai kwamba makubaliano ya kila usiku yaandikwe na kusomwa mbele ya bendi nzima.

MIRABAHA SI MSHAHARA

Ukimwambia mwanamuziki aingie chamani, atakujibu: "Mimi ni mwanachama tayari, nina kadi ya MCSK." Hapa pana fumbo ambalo limewapoteza wengi, na yafaa lifumbuliwe.

MCSK, kilichoanzishwa mwaka 1983, ni chama cha kukusanya mirabaha ya watunzi na wachapishaji wa nyimbo. PRISK ni cha haki za waimbaji na wapigaji katika rekodi, na KAMP ni cha watayarishaji wa rekodi. Kazi yao ni kudai fedha wimbo uliorekodiwa unapopigwa redioni, katika matatu, au hotelini. Ni kazi yenye haki na ya lazima. Ugomvi wake pia twaujua. Mwaka 2017 KECOBO iliinyima MCSK leseni na kuipa jumuiya nyingine, na mabishano ya nani akusanye na nani agawe yaliendelea baada ya hapo.

Lakini hata mirabaha ingegawanywa kwa haki mpaka senti ya mwisho, isingemfaa kitu mpiga ngoma asiyetunga wimbo wala kurekodi, ambaye amepiga usiku kucha na kulipwa nusu. Mirabaha hulipa wimbo. Chama cha wafanyakazi hulinda mtu anayeupiga: saa zake, ujira wake, mkono wake ukiungua kwa umeme wa waya mbovu. Hivi ni vitu viwili. Mwenye kadi moja asidhani anazo zote mbili.

Na wimbo wenyewe bila mkataba huleta majuto. Malaika umeimbwa na Miriam Makeba na Boney M, umezunguka dunia nzima. Fadhili William, aliyeurekodi hapa Nairobi, alifariki mwaka 2001, na mabishano juu ya nani aliutunga hayakwisha. Wimbo ulivuka bahari, karatasi za kuulinda zikabaki mabishano.

WALIOITWA ABIRIA

Nitatoa mfano wa mbali, kwa sababu waonyesha wazi hatari ya mwanamuziki kutohesabiwa kuwa mfanyakazi. Meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912, wanamuziki wanane walikuwa wakipiga humo. Wote wanane walikufa. Dunia ikawasifu kwa ushujaa, magazeti yakaandika, sanamu zikajengwa.

Lakini nani alikuwa mwajiri wao? Kampuni ya meli haikuwaandika yenyewe. Waliajiriwa na mawakala wa Liverpool, ambao walikuwa wamekwisha kupunguza mshahara wa wanamuziki wa melini kutoka pauni 6 na shilingi 10 mpaka pauni 4 kwa mwezi. Na katika daftari la meli waliandikwa kuwa abiria wa daraja la pili! Jamaa zao walipodai fidia ya wafanyakazi, kampuni ya meli ikasema hawa si watu wetu, na mawakala nao wakakataa mzigo. Mahakama ikawanyima fidia. Baba wa mpiga fidla mmoja akaletewa barua ya kudaiwa fedha za sare ya mwanawe aliyezama. Aliyeitoa barua ile hadharani ni chama cha wanamuziki, kile kilichoanzishwa Manchester mwaka 1893. Baba yule alipata angalau mtu wa kusema naye.

Sisi wa reli twajua abiria ni nani. Abiria hana mshahara, hana likizo, hana fidia akiumia kazini, kwa maana hayuko kazini. Leo tajiri wa baa haandiki "abiria". Asema "huyu ni mkandarasi", "huyu ni msanii huru", "huyu ni rafiki yetu". Maneno yamebadilika, hila ni ile ile.

SHERIA IPO, WA KUISHIKA HAYUPO

Wengine wadhani sheria ya Kenya haimjui mwanamuziki. Si kweli. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mkataba wa kazi unaofikia miezi mitatu au zaidi uandikwe. Yasema pia kwamba kibarua anayefanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa wa mshahara wa mwezi. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka huo huo yakataza kumwonea mtu kwa sababu ya uanachama wake. Pia yamlazimu mwajiri kukitambua chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaostahili kuwa wanachama.

Basi bendi inayopiga katika hoteli moja kila usiku, kwa saa zilizopangwa na hoteli, kwa sare ya hoteli, mwaka baada ya mwaka, yaweza kusimama mbele ya hakimu na kuuliza: sisi ni wakandarasi kweli? Lakini mpiga gita mmoja hawezi kuuliza swali hilo. Akiuliza leo, kesho amewekwa mwingine mahali pake. Wakili ataka fedha, na ushahidi wataka watu. Ndiyo maana sheria imelala kabatini.

Na ilipokuja korona, baa zikafungwa Machi 2020, na amri ya kutotoka usiku ikaanza tarehe 27 mwezi ule. Kazi ya muziki ilikoma siku moja. Serikali ikatangaza shilingi milioni 100 za kuwasaidia wasanii. Nauliza: mpiga ngoma wa mtaani alikuwa katika orodha ya nani? Mtu asiye na chama hana daftari lenye jina lake, na asiye katika daftari hakumbukwi fedha zinapogawiwa.

FAIDA ZA CHAMA

Mtu ana haki ya kuuliza, "Nikitoa ada yangu nitapata nini?" Nitajibu kwa hesabu:

1. Kima cha chini. Chama cha mji chapanga bei ya usiku kwa kila mpigaji, na hakuna mwanachama anayepiga chini yake. Tajiri hawezi tena kugombanisha bendi mbili mpaka moja ikubali chakula na nauli.

2. Karatasi. Chama chatengeneza mkataba mmoja mfupi: saa za kuanza na kumaliza, jumla ya fedha, siku ya kulipa, sehemu inayotangulizwa, na nani alipe gari. Mvua ikinyesha, karatasi haifutiki.

3. Msemaji. Mpigaji akidhulumiwa, anayekwenda kwa tajiri au kwa Ofisa wa Kazi ni katibu wa chama, ambaye hawezi kufukuzwa na baa ile.

4. Usalama. Nyaya, jukwaa, usafiri wa usiku wa manane. Tajiri akitambuliwa kuwa mwajiri, fidia ya kuumia kazini na NSSF navyo vyamhusu.

5. Fungu la kusaidiana. Mtu akiugua, msaada utoke katika sanduku lenye kanuni na hesabu, si katika kofia inayopitishwa kwa aibu.

Haya si ndoto. Marekani, chama cha wanamuziki kilichoanza mwaka 1896 kiliona santuri zikichukua kazi za wapigaji katika baa na redio, kama tunavyoona leo kompyuta ya DJ ikichukua mahali pa bendi. Tarehe 1 Agosti 1942 wanachama waliacha kurekodi. Walishika mgomo ule zaidi ya miaka miwili, mpaka kampuni kubwa za mwisho zilipokubali Novemba 1944 kutoa fedha kwa kila santuri ziingie katika fungu la chama. Fedha zile ziliwalipa wapigaji waliotumbuiza watu bila kiingilio. Mashine haikuondoka, lakini ililazimishwa kulipa.

Na hapa jirani, Dar es Salaam, chama cha wafanyakazi NUTA kiliunda bendi yake mwaka 1964. Wapigaji wa NUTA Jazz walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi, na vyombo vilikuwa vya chama. NUTA kilikuwa chini ya mkono wa serikali, wala sisemi tuige kila jambo lake. Lakini bendi ile ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, kisha Msondo Ngoma. Huo ni umri ambao bendi nyingi za vyombo vya kuazima hazikuuona.

MANENO YA WANAOKATAA

Wa kwanza asema: "Viongozi wa vyama hula fedha." Wako wanaokula, sikatai. Lakini dawa yake ni kuhudhuria mkutano, kudai risiti, kumtaka mweka hazina asome hesabu, na kumwondoa kwa kura akishindwa. Anayekaa nje akilalamika hawezi kumwondoa mtu ye yote.

Wa pili asema: "Mimi nina jina, chama ni cha wasiojua kupiga." Ndugu, jina ni kama rangi ya behewa, hupauka kwa jua. Vijana wapya waja kila mwaka. Bei ikiangushwa chini kwa wadogo, tajiri atakuuliza kwa nini wewe uko juu.

Wa tatu asema: "Nitangoja wengine wapiganie, nami nitapata." Huyo sisi wa reli twamjua sana. Ni abiria asiye na tiketi. Mabehewa yakijaa watu kama yeye, gari halitapata hata mafuta ya kuondokea stesheni.

NA SISI WA VYAMA VINGINE?

Sasa nawageukia ninyi mnaosoma gazeti hili, wenye kadi na mikataba. Januari 1947 Mombasa iliposimama, watu wa reli waligoma pamoja na makuli wa bandarini na watumishi wa majumbani. Hawakuulizana nani kazi yake ni kubwa. Je, sisi leo tukiandaa karamu ya tawi, au harusi ya mtoto, twafanyaje? Twaita bendi, twabembeleza bei mpaka chini, na usiku ukiisha twasema mweka hazina amekwisha kwenda kulala. Tarehe 1 Mei twacheza kwa muziki wao tukiimba haki za wafanyakazi. Ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza wapigaji wale wamelipwa ngapi? Mtu anayedai haki yake mchana na kumnyima mwenziwe usiku, yeye ni tajiri aliyekosa mtaji tu.

Naomba basi matawi yetu yaazimie mambo mawili. Kwanza, bendi yo yote inayoitwa na chama ipewe makubaliano kwa maandishi na ilipwe kabla ya vyombo kupakiwa garini. Pili, matawi yawafungulie wanamuziki wa mtaa ukumbi wa kukutania, na katibu mwenye ujuzi awaonyeshe namna ya kuendesha mkutano na kuweka daftari.

Na ninyi wenzangu wa gita na ngoma: katika vyama vilivyojiunga na COTU kimo chama cha wafanyakazi wa burudani na muziki. Kitafuteni, kiulizeni kina tawi gani karibu nanyi, na kama hakuna, ombeni lifunguliwe kwenu. Mkikiona kimelala, ingieni kwa wingi mkiamshe. Mtu akiwashawishi kuanzisha chama kipya, mwulizeni kwanza kama ana cheti cha Msajili, kwa maana bila cheti hicho hana ruhusa ya kuandikisha watu. Andikeni majina na vyombo mnavyopiga. Lipeni ada, hata ikiwa ndogo, na mchukue risiti. Kubalianeni bei moja ya usiku kwa mtaa mmoja, na msiivunje hata kwa rafiki.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wala hakipigi gita.

Ndimi wenu katika chama,

Fundi wa Karakana, mpiga besi